Taratibu na Kompyuta ya Mama Mkwe

Jirani yangu wa ukutani ni fundi wa kompyuta, na mtaa mzima unamwita Taratibu. Jina hilo hakulipata kwa upole. Alilipata kwa sababu kila mteja akimuuliza kazi itakuwa tayari lini, yeye hujibu, "Taratibu, inakwenda." Mwaka wa kumi na nane huu mimi niko upande huu wa ukuta nachonga funguo, naye yuko upande ule anachokonoa mashine, na ni mara moja tu nimemsikia akimtajia mtu muda. Wateja huondoka wakinung'unika, lakini hurudi, maana kitu akishakitengeneza kimetengenezeka.

Alianza na redio. Redio zilipopungua akahamia televisheni, na televisheni zilipokonda zikawa kama kalenda za ukutani akaingia kwenye kompyuta, akijifunza mwenyewe kwa kupasua zilizokufa. Chumba chake kina upana wa kitanda na nusu. Rafuni kuna maboksi ya viatu yaliyojaa waya, na boksi moja kubwa aliloliandika kwa kalamu nene: VITAFAA. Mkewe alishamwambia alitupe boksi hilo mpaka akachoka yeye mwenyewe.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumkubali kama fundi, naye ni mama mkwe wake. Chanzo chake ni redio. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Taratibu alimtengenezea mama redio yake ya mezani, ikalia vizuri kuliko ilipokuwa mpya, ila kazi ilipokwisha skrubu tatu zilibaki mezani. Mama akaziokota bila neno, akaziweka kwenye kikombe kabatini. Tangu hapo, miaka ishirini, kila Taratibu alipokwenda kumsalimia, aliulizwa habari za nyumbani, habari za watoto, kisha, "Na zile skrubu, mkwe, bado hazijapata kwao?"

Mama huyo ni mtarizi. Nembo za sweta za shule, majina kwenye makoti ya wauguzi, maua ya mashuka ya maharusi, yote yanapita mikononi mwake. Ana mashine ya sindano sita, na mashine hiyo haifanyi kitu mpaka ipewe mchoro kwenye disketi, ile ndogo ya mraba ya zamani. Michoro hutoka kwenye programu iliyomo ndani ya kompyuta aliyoinunua mwaka mmoja kabla ya harusi ya binti yake. Wakati ule ilikuwa nyeupe. Sasa ina rangi ya meno ya mvuta sigara, na mama mwenyewe anaiita Mzee. Kampuni iliyotengeneza programu ile ilishafunga milango, na hakuna kompyuta mpya inayoikubali. Kwa kifupi, bila Mzee mama hana kazi.

Basi zikiwa zimebaki wiki tatu shule zifunguliwe, na mama ana sweta mia tatu na arobaini za kutia nembo, Mzee akaanza kugonga. Tk, tk, tk. Kisha anatulia. Kisha tk tena.

Mke wa Taratibu alifika mapema asubuhi hiyo, anahema.

"Mama anakuja," alisema. "Anakuja na Mzee. Mume wangu, nakuomba, leo lile neno lako usiliseme."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Teksi ikasimama mbele ya milango yetu. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma, Mzee amempakata, amemviringisha shuka la maua, na mkanda wa gari umewafunga wote wawili. Dereva alimfungulia mlango kama anayemfungulia mjamzito.

"Shikamoo, mama," akasema Taratibu, akinyoosha mikono ampokee.

"Marahaba, mkwe. Mgonjwa ndiye huyu. Usimguse kwanza. Nieleze unataka kumfanya nini."

Taratibu akampisha akae kwenye kiti kizuri, ambacho ni kimoja tu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ufunguo uliochongwa nusu, najifanya naomba kuazima koleo.

"Mama," alianza, "linalogonga ni diski. Ndiyo inayotunza kila kitu chako, programu na michoro yote. Inakufa. Nikihamisha michoro peke yake haitakufaa, kwa sababu programu haikubali kompyuta mpya. Kwa hiyo nitainakili diski nzima, chembe kwa chembe, iwe faili moja kubwa. Halafu ndani ya laptopu nitaunda kompyuta pepe, iwake kwa faili hiyo."

"Kompyuta nini?"

"Pepe, mama."

Mama akamgeukia binti yake. "Umemsikia mumeo? Nimemletea kompyuta inakohoa, yeye anataka kuitia pepo."

"Pepe, mama, si pepo! Maana yake haishikiki, ipo kwa hesabu tu."

"Pepo naye anashikika?"

Hapo mimi cheko likanitoka. Mama akanitazama kuanzia viatuni. Nikakumbuka kwamba nilikuja kuazima koleo.

Taratibu akafuta uso kwa kiganja, akaanza upya. "Chukulia unahama nyumba, mama. Ila hubebi chombo hata kimoja. Mimi nimeipima nyumba yako yote, nikajenga nyingine ile ile mahali pengine. Vyumba vile vile, kila kijiko kwenye droo yake, pazia lililochanika limechanika pale pale."

"Na bomba langu la jikoni linalovuja?"

"Litavuja vile vile."

Mama akafikiri. "Sasa umesema kitu," akasema, na akamfunua Mzee shuka.

Diski ilikuwa imeshikwa na skrubu nne. Taratibu alipozifungua, mama alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, akazikinga zote kwenye kifuniko cha chupa na kukiweka mapajani. "Hizi nitazishika mwenyewe," alisema.  Taratibu akailaza diski juu ya kipande cha sponji, akaiunganisha na kompyuta yake kwa waya, akaiwekea feni ndogo isichemke. Kwenye skrini ukatokea mstari wenye namba. Asilimia sifuri. Baada ya muda mrefu, asilimia moja.

"Itachukua siku nzima," Taratibu akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitaja muda.

"Mimi sina haraka," akajibu mama, akavua viatu.

Alikaa pale kama anayeuguza mtu wodini. Mlango ulipobamizwa na upepo aliweka jiwe. Mke wa Taratibu alipopiga chafya aliambiwa atoke nje. Kisha nikawasha mashine yangu ya kuchongea, na haikupita dakika moja akawa amesimama mbele ya meza yangu, miguu mitupu.

"Fundi, hiyo inatetemesha ukuta."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

"Na ile ndiyo yangu."

Ningefanyaje? Nikazima, nikachukua tupa, nikawa nachonga kwa mkono, ufunguo wa dakika tatu unanila nusu saa. Akaja mama mmoja anataka ufunguo wa kufuli, akauliza mbona leo nahangaika na tupa.

"Tunapunguza kelele," nikamwambia. "Kwa jirani kuna mgonjwa."

"Nani?"

"Mzee."

Nilisema bila kufikiri, nakiri. Mama yule akaweka mkono kifuani, akasema pole, akaondoka kwa kunyata. Mchana ulipofika, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba baba mkwe wa Taratibu amelazwa dukani kwa sababu hospitali zimeshindwa. Baba mkwe mwenyewe, kwa taarifa yako, alikuwa mzima kabisa, yuko kwake anasoma gazeti.

Wa kwanza kuja kumjulia hali alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Alivua kofia, akasimama kizingitini, akawaona mama na binti yake wamekaa kimya, macho yamekodolea mahali pasipoonekana.

"Poleni sana," akasema kwa sauti ya chini. "Mzee anaendeleaje?"

"Amefika asilimia sitini," akajibu mama bila kugeuka.

Kinyozi akatikisa kichwa polepole. "Sitini si haba. Matumaini yapo." Akarudi zake, na nasikia aliwatangazia wateja wake kwamba siku hizi madaktari wanakwambia mpaka asilimia.

Kwenye sabini na moja mstari ukasimama. Diski ikaanza kugonga mfululizo. Feni inazunguka, namba haisogei. Robo saa, nusu saa. 

"Mbona hatembei?" mama akauliza.

"Tara..." Taratibu akaanza. Mkewe akamkanyaga mguu. "Tarajia hali kama hii, mama, kwenye diski ya zamani. Kuna sehemu imeharibika. Programu ya kunakili inang'ang'ania kuisoma pale pale, na tukiendelea kuing'ang'ania inaweza kufa yote. Naona niiruke, nichukue kwanza yaliyo mazima, kisha nirudi hapo mwishoni, nijaribu kidogo kidogo kwa kuanzia upande wa pili."

Sote tulisubiri mama aseme kitu cha kuuma. 

"Ndivyo ninavyofanya uzi ukikatika katikati ya nembo," alisema. "Unaruka, unamaliza, unarudi kuziba. Ukishindana nao pale pale, unatoboa kitambaa. Ruka."

Taratibu akaruka. Mstari ukaanza kutembea tena, sabini na mbili, sabini na tatu, na mama akavuta kiti karibu zaidi.

Kesho yake asubuhi nilipofungua duka, kazi ya kunakili ilikuwa imekwisha. Katika diski nzima, vipande vidogo kumi na vitatu ndivyo vilivyokataa kabisa kusomeka. Taratibu alisema hiyo ni bahati kubwa. Mama akataka kujua vipande hivyo ni vya nini, naye akamwambia ukweli kwamba hajui, huenda ni sehemu tupu, huenda si tupu. Akaigeuza ile nakala iwe faili ambayo kompyuta pepe inaielewa, akaihamishia kwenye laptopu aliyoinunua binti, akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Skrini ikawa bluu tupu, na maandishi meupe yamejaa juu yake.

"Huyu nani?" akauliza mama. "Mzee hana uso wa bluu."

"Ndiye yeye, mama. Amezinduka akakuta mwili si wake. Anatafuta diski ya aina aliyoizoea, na mimi nimemwekea ya kisasa." Akaingia kwenye mipangilio, akabadilisha aina ya diski ikawa ya zamani, akawasha tena. Mimi nilikuwa nimeacha kujifanya nina shughuli nyingine.

Kukawa kweusi. Kikaja kialama kidogo kinachozunguka. Kisha muziki mfupi ule wa zamani ukalia, na katikati ya skrini ya laptopu likafunguka dirisha, na ndani ya dirisha akawa yupo Mzee. Picha ya mjukuu akiwa na miaka miwili, ambaye sasa anainama akipita mlangoni. Saa iliyokosea. Na pembeni, onyo: printa haina karatasi.

Mama akashika mdomo. Akainama akachungulia chini ya meza. Hapakuwa na kitu ila viatu vyake. Akamtazama Mzee halisi, aliyekuwa pembeni tumbo wazi, hana diski, hana umeme. Akarudi kwenye skrini.

"Hata karatasi ya printa anaikumbuka!" akasema. "Printa yenyewe nilishampa dada yangu, miaka tisa sasa."

"Nilikwambia bomba litavuja, mama."

Mama akacheka. Mkewe Taratibu aliniambia baadaye kwamba kabla ya hapo hakuwahi kumwona mama yake akicheka kwa jambo alilolisema mumewe.

Furaha hiyo ilidumu kama dakika mbili. Taratibu akafungua programu ya michoro, na ili aijaribu akabonyeza faili la kwanza aliloliona lenye jina la kupendeza: HARUSI YA BINTI 1. Likafunguka vizuri. Kitambaa cha meza, maua yanazunguka pembe nne, na katikati herufi mbili zimekumbatiana. Moja ilikuwa ya jina la mkewe. Ya pili ilikuwa D, na jina la Taratibu, lile la kuzaliwa, halina D popote.

"Mama," akasema Taratibu kwa adabu zake zote, "hii D ni ya nani?"



"Ilikuwa ya majaribio," mama akajibu.

"Majaribio ya kutarizi?"

"Ya daktari wa meno."

"Mama!" binti akapiga kelele.

"Nini? Alikuwa anakuja kukuulizia. Mtu hujiandaa." Akatazama kifuniko cha skrubu mapajani kana kwamba nacho kimeuliza kitu.

Mimi nikaona nirudi kwenye meza yangu, nikaanza kuchonga ufunguo ambao hakuna aliyeuagiza. Ukuta wetu ni mwembamba lakini.

"Kuna namba mbili," nikasikia Taratibu akisema. "Nifungue?"

"Fungua. Hiyo ndiyo yenu. Ndiyo iliyoko mezani kwenu."

Akafungua, na wote watatu wakaguna kwa pamoja, ikabidi nirudi. Maua yalikuwa sawa. Herufi ya binti ilikuwa sawa. Lakini herufi ya Taratibu ilikuwa imeliwa nusu, na mahali pake mistari ya uzi imetawanyika ovyo kwenye skrini kama nywele zilizoamka. Vile vipande kumi na vitatu, au angalau baadhi yake, vilikuwa vimepatikana.

 Kitambaa hicho Taratibu amekilia chakula miaka ishirini, chai na supu vimemwagikia juu yake, na sidhani kama siku hata moja aliwahi kukiangalia. Sasa alikuwa anakiangalia.

"Katika michoro elfu moja na mia mbili," mama akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku, "ndiyo hii imeliwa?"

"Si neno, mama. Kitambaa chenyewe kipo."

"Si neno kwa nani? Nipishe."

Akavuta kiti, akavaa miwani, akashika kipanya. Akafuta ile mistari iliyotawanyika, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaanza kuichora herufi upya, mshono kwa mshono, huku akitaja kwa mdomo uzi unakopita, chini, juu, zunguka, chini. Binti alitoka akarudi na chai, na chai ikapoa. Mteja mmoja alikuja kumuuliza Taratibu kuhusu kibodi yake, nikamwambia fundi yuko kwenye upasuaji. Mama alipomaliza alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa.

"Ile ya kwanza mkia wake ulikuwa mfupi," alisema. "Nilikuwa na haraka. Hii ni nzuri zaidi."

"Ahsante, mama," akasema Taratibu, na akajitia kutafuta kitu chini ya meza.

Zikabaki nembo za sweta. Mama akafungua mchoro wa shule, akabonyeza pa kutolea mchoro, na Mzee, bado anaishi miaka yake ile ile, akaandika: weka disketi. Tukaitazama laptopu kushoto, tukaitazama kulia. Ilikuwa nyembamba kama sahani, haina tundu la disketi wala mahali pa kulitoboa.

Mke wa Taratibu akashika tama. "Basi tumekwisha."

Taratibu akapanda juu ya stuli, akashusha boksi la VITAFAA, akapuliza vumbi. Zikatoka waya, ikatoka antena, ukatoka mkono wa jagi, na chini kabisa kikatoka kisomaji cha disketi chenye waya wa kuchomeka pembeni. Akakichomeka. Akamwonyesha Mzee mahali kilipo. Kikanguruma, taa yake ya kijani ikawaka.  Akamtazama mkewe, na mkewe akawa anakagua dari.

Jioni ile mashine ya sindano sita ilishona nembo ya kwanza, na kabla wiki ya pili haijaisha sweta zote mia tatu na arobaini zilikuwa zimekunjwa, tayari kupelekwa. Mzee yule wa chuma alifungwa tumbo lake, skrubu zote nne zikiwa mahali pake mbele ya shahidi, akarudi nyumbani kwa teksi. Hawaki tena. Mama anamfuta vumbi.

Lawama hazikukosekana. Wiki iliyofuata alipiga simu kusema kompyuta mpya ina haraka mno. "Zamani nilibonyeza, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi nikakuta amefungua. Sasa chai nitaichemsha saa ngapi?" Halafu akamharibu simba wa nembo ya timu fulani ya mpira, akabonyeza huku na huku mpaka simba akawa na miguu mitano, na akamhifadhi hivyo hivyo. Taratibu alikuwa ameweka nakala ya Mzee ya siku iliyotangulia, akamrudisha alivyokuwa jana, simba akawa na miguu minne. Mama akauliza kama inawezekana kurudi mpaka juzi, maana juzi alikuwa amegombana na dada yake. Akaambiwa hapana, ni ya michoro tu.

Habari hizo alizieneza yeye mwenyewe, na kwa sauti. Sasa benchi la nje kwa Taratibu linakaliwa na watu wenye mashine kuukuu wamezipakata: mpima ardhi mwenye ramani zake, daktari wa mifugo aliyestaafu, mwalimu wa muziki ambaye nota zake zote zimo kwenye kompyuta ya miaka ile ile ya Mzee. Mama huja kila Ijumaa kuchukua nakala ya wiki. Mwanzoni Taratibu alikuwa anamfanyia, sasa anafanya mwenyewe, na akimaliza haondoki, anakaa kuwaeleza wenye wagonjwa wao nini kitafuata na wasiogope rangi ya bluu.

Juzi nilisikia simu ya mama ikiita upande wa pili wa ukuta. Baba mkwe, nadhani, alikuwa anauliza chakula kiko wapi.

"Angalia kabatini," akamjibu. "Mimi niko kazini."

Kisha akampigia kelele mpima ardhi aondoe mkono wake kwenye diski.